Usaili wa kazi: Dua bila maandalizi si tawakkul

 

Ndugu msomaji, sisi tunaosomesha darsa katika misikiti ya hapa Moshi mjini tunayo kazi moja ambayo haikuandikwa popote. Baada ya Swala ya Ijumaa, na hasa nyakati ambazo matangazo ya ajira yametoka, hujitokeza kijana mmoja au wawili, wakangoja watu wapungue, kisha wakasogea. "Assalaam alaykum, shikamoo Maalim. Nimeitwa kwenye intavyuu Jumatatu, naomba uniombee dua." Basi tunanyanyua mikono, tunaomba, na kijana anaondoka na uso mkunjufu.

Hakuna ubaya wowote katika hilo. Muislamu kumuombea nduguye ni jambo lenye malipo, na aliyekwenda kwenye usaili bila kumkumbuka Mola wake amejinyima mwenyewe. Lakini nimejiwekea utaratibu wangu. Kabla ya kunyanyua mikono namuuliza kijana maswali matatu. Umeitwa kwa kazi gani? Ofisi hiyo inafanya nini? Na wewe utawafanyia nini ambacho wanakihitaji?

Wallahi, wengi hukwama katika swali la pili. Mmoja wao, mwenye stashahada ya uhasibu, aliniambia ameitwa na chama kimoja cha ushirika huko juu milimani. Nikamuuliza, wanashughulika na zao gani? Akasema, "Nadhani kahawa, Maalim." Anadhani! Mtoto wa Kilimanjaro, mkoa ambao wakulima wake wa kahawa walianza kuungana mwaka 1925 na kuunda chama kikuu cha KNCU mwaka 1933, mji ambao ndani yake kuna Chuo cha Ushirika kilichoanza mwaka 1963 na leo ni Chuo Kikuu kizima, anakwenda kuomba akabidhiwe hesabu za jasho la wakulima, naye anadhani. Sasa mimi nimuombee nini? Nimuombe Allah awatie wale wasaili usahaulifu wasimuulize?

Sote tunaijua ile Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, ya mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake na kutegemea, au amuache huru na kutegemea. Akaelekezwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Tunaihadithia Hadithi hii kila mwaka kwenye mawaidha na watu wanatikisa vichwa. Lakini ukifika msimu wa usaili, ngamia wote wa mji huu wako huru wanarandaranda, wenyewe wako msikitini wanaomba wasipotee.

Ndugu zangu, usaili si jambo la kizungu lililokuja na suti na viyoyozi. Umo katika Kitabu chetu. Tuanze na Nabii Yusuf (a.s.). Kisa chake tunakisoma tangu madrasa, ila wengi wetu tunakumbuka kisima, kanzu na mke wa Waziri. Pale anapoingia kazini tunapita mbio.

Mfalme wa Misri alipoota ndoto yake, Yusuf akiwa gerezani hakuishia kuifasiri. Alieleza na la kufanya: walime miaka saba mfululizo, watakachovuna wakiache katika mashuke yake isipokuwa kidogo cha kula, kwani itafuata miaka saba ya dhiki (Qur'an 12:47-49). Maana yake ni kwamba mpango wa kazi aliufikisha kwa mwajiri kabla hata ya kuitwa. Mfalme akatuma mjumbe aletwe. Kijana wetu wa leo angetoka mbio hata ndala asivae. Yusuf akamrudisha mjumbe, akataka kwanza iulizwe habari ya wale wanawake waliojikata mikono (12:50). Alitaka jina lake lisafishwe kabla hajakanyaga ikulu, asije akafanya kazi huku watu wananong'ona nyuma yake.

Kisha akaingia. Aya ya 54 inataja kwamba mfalme alizungumza naye, na baada ya mazungumzo hayo ndipo akamwambia kuwa leo hii kwetu wewe ni mwenye cheo na muaminifu. Hebu tuzingatie hapo. Habari zake zilikwisha kufika, ndoto imekwisha kufasiriwa, wale wanawake wamekwisha kukiri. Bado mfalme alitaka kumsikia kwa masikio yake. Baadhi ya wafasiri wanaeleza kuwa Yusuf alijisafisha na kubadili nguo kabla ya kuingia kwa mfalme, na anayedhani usafi wa nguo kwenye usaili ni kujionyesha basi alizingatie na hilo.

Na alipoomba awekwe juu ya hazina za nchi, alijieleza kwa maneno mawili tu: hafidh na alim, yaani mwenye kulinda na mwenye kujua (12:55). Hakusema kuwa yeye ni mwana wa Yaaqub, mjukuu wa Is-haq, kitukuu cha Ibrahim, ingawa ni ukoo gani duniani unaoufikia ule? Hakusema amedhulumiwa miaka mingi gerezani hivyo aonewe huruma. Hazina inahitaji mtu wa kuilinda na mwenye kujua namna ya kuitumia, naye akayataja hayo mawili, basi. Nendeni mkawasikilize vijana wetu wanavyojieleza. Atakuambia ni wa nne kuzaliwa kati ya watoto saba, baba alifariki, anapenda mpira na kusoma vitabu. Si uongo, lakini hakuna hazina inayolindwa kwa mpira.

Hapa kuna ndugu ambao hunipinga, na hoja yao ni nzito. Wanasema Mtume (s.a.w.) alimkataza Abdurrahman bin Samura kuomba uongozi, na Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Vipi basi Muislamu ajinadi mbele ya watu? Imamu Al-Qurtubi ameligusa suala hili katika tafsiri yake ya aya hii hii ya Yusuf, na jibu lake ni kwamba anayejua kuwa anaiweza kazi na atatenda uadilifu, na kwamba hakuna mwingine wa kuisimamia kwa haki, huyo anaruhusiwa kuomba, na kutaja sifa alizonazo ili ajulikane. Linaloogopewa ni tamaa ya cheo kwa asiyekiweza. Abu Dharr (r.a.), pamoja na ucha Mungu wake wote, aliambiwa waziwazi na Mtume kuwa yeye ni dhaifu kwa jambo hilo na kwamba uongozi ni amana. Ucha Mungu wa Abu Dharr haukutiliwa shaka hata chembe, lakini kazi ile haikuwa yake. Kwa hiyo kijana akikosa nafasi asikimbilie kusema kachukiwa. Huenda Allah amemuepusha na amana ambayo ingemuangukia kichwani.

Kisa cha pili ni cha Nabii Musa (a.s.) huko Madyan, katika Suratul Qasas. Hapa mimi hukaa sana kila nikisomesha, kwa sababu kinawafaa mno vijana wa mji kama huu, wengine wakiwa wametoka mbali, hawana ndugu wala mjomba ofisini. Musa amefika ugenini, ana njaa, hamjui mtu. Anawakuta mabinti wawili wamezuia kondoo wao pembeni ya kisima. Anawanyweshea. Baada ya kazi anarudi kivulini, na hapo ndipo anapoomba, akimueleza Mola wake kuwa ni muhitaji wa kheri yoyote atakayomteremshia (28:24). Angalieni mpangilio: mikono ilishika kamba ya ndoo kwanza, kisha ikanyanyuliwa kwa dua.

Akaitwa na yule mzee. Aya ya 25 inasema Musa alimsimulia habari zake. Na habari zake zilikuwa zipi? Kwamba alimpiga mtu akafa, na anatafutwa na Firauni. Hii ndiyo sehemu ya maisha ambayo kila msailiwa angeifukia. Musa akamueleza mwenye nyumba, na mzee akamtuliza asiogope. Kisha mmoja wa mabinti akamshauri baba yake amuajiri, kwa kuwa mbora wa kumuajiri ni mwenye nguvu na muaminifu, qawiyy na amin (28:26). Nguvu alikwisha kuziona kisimani na uaminifu alikwisha kuuona njiani. Halafu yakafuata masharti: miaka minane, na akitimiza kumi ni hiari yake. Yaani kazi imeonekana, msailiwa amejieleza kwa ukweli, mdhamini amesema anachokijua, mkataba umewekwa wazi. Ofisi nyingi za leo hazifikii hapo.

Nguvu na uaminifu. Ukiyashika haya mawili umejua usaili wote unatafuta nini. Nguvu ya mhasibu ni hesabu zake, nguvu ya muuguzi ni mikono na moyo wake, nguvu ya mwalimu ni somo lake. Na hapa Kilimanjaro kuna usaili ambao hauna hata meza. Nenda alfajiri kwenye geti la Machame au la Marangu uwaone vijana wanaotafuta safari ya upagazi. Mkuu wa safari hasomi vyeti. Anatazama viatu, anatazama koti, anatazama kifua. Wapo wanaoficha maradhi ili wapandishwe mlimani, na wapo wanaopanda na viatu vya sokoni kwenye baridi ya kileleni, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Tangu mwaka 2003 kuna mradi hapa Moshi wa kuwasaidia wapagazi, unaowaazima nguo na viatu vya mlimani bila malipo, na mzigo una kikomo cha kilo 20 unaopimwa getini kwenye mizani. Mpagazi anayeficha ugonjwa hajidanganyi peke yake, kwani hema na chakula alichobeba ni cha mtu mwingine anayemtegemea huko juu.

Nimetaja mlima kwa makusudi. Mtume wetu (s.a.w.) alipohama Makka pamoja na Abu Bakr (r.a.), walimuajiri muongoza njia. Bukhari amepokea kuwa alikuwa ni mtu wa Banu Diil, hodari wa njia, ambaye wakati huo alikuwa katika dini ya makafiri wa Kikureshi. Wanahistoria wanamtaja kuwa ni Abdullah bin Urayqit. Wakamuamini, wakamkabidhi ngamia wao wawili na kuahidiana naye kwenye pango la Thawr baada ya siku tatu, huku Makureshi wakiwasaka. Safari muhimu kuliko zote katika historia ya Uislamu alikabidhiwa mjuzi na muaminifu, ingawa hakuwa Muislamu. Basi na sisi tusitarajie kupewa kazi kwa sababu tu mwenye ofisi ni Abdallah. Na wala tusiogope kuomba kwa sababu tu mwenye ofisi si Abdallah. Mwajiri wa Yusuf alikuwa nani?

Najua ninachojibiwa hapo. "Maalim, hizo nafasi zina wenyewe." Sitaki kujifanya kipofu. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita vijana zaidi ya 10,000 kufanya usaili Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa nafasi 70 tu. Mwaka huo huo Wizara ikalazimika kufuta ajira nyingine za idara hiyo baada ya malalamiko ya upendeleo wa kindugu. Mwanzoni mwa mwaka 2025, walimu walipoanza kupitishwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira, waombaji walikuwa zaidi ya 200,000 kwa nafasi zipatazo 14,600. Kwa idadi hizo, hata haki ikitendeka kwa asilimia mia, wengi watarudi nyumbani mikono mitupu. Na ubaguzi ukitokea, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inaukataza, ukiwemo wa dini, na ulinzi huo unamfikia hadi muombaji kazi. Mwenye ushahidi aupeleke panapohusika. Lakini aliyekwenda kwenye usaili bila kujua ofisi inafanya nini, huyo ushahidi wake ni upi?

Hatari kubwa ya maneno haya ya "zina wenyewe" ni kwamba yanafungua mlango wa pili. Kijana akishaamini kuwa haki haipo, kinachobaki ni kutafuta wa kumpa kitu. Mama mmoja kutoka upande wa Masama aliteremka mjini kuja kuniona, Mungu ambariki, kwa miguu hadi barabarani kisha kwa daladala. Mwanawe amemaliza chuo miaka mitatu iliyopita. Ametokea mtu anayesema anafahamiana na wakubwa wa sehemu fulani, anataka shilingi laki nane "za kulainisha", na usaili utakuwa kutimiza utaratibu tu. Mama ana ng'ombe mmoja wa maziwa ndani ya kihamba. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyomsomesha kijana. Alichonijia si kuuliza kama ni halali. Alikuja kuomba dua ng'ombe apate mnunuzi mzuri.

Nilimwambia, "Mama, kaa kwanza unywe maji." Kisha nikamueleza kuwa Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokea rushwa, katika Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi. Akanyamaza kitambo, akasema, "Maalim, wewe mwanao ana kazi." Sikuwa na jibu la haraka, maana alisema kweli. Nikamuuliza tu: huyo kijana akipata kazi kwa njia hiyo, mshahara wa mwezi wa kwanza utaingia tumboni ukiwa ni nini? Na wa mwezi wa pili? Na atakapostaafu? Rushwa ya kuingilia kazini hailiwi siku moja. Inaliwa miaka thelathini.

Ng'ombe hakuuzwa. Yule mtu mwenye kujuana na wakubwa alihamia kwa familia nyingine, na kijana alikwenda kwenye usaili akiwa na vyeti vyake tu. Hakupata. Amekwenda mwingine, wa tatu sasa anausubiri, na mama bado anakamua. Nayasema haya kwa sababu mawaidha yetu yana tabia ya kumalizikia pale ambapo mwenye kuacha haramu anafunguliwa riziki keshoye. Huenda ikawa hivyo, na Allah ametuahidi kuwa mwenye kumcha humtengenezea njia ya kutokea (65:2-3). Lakini siku ya kufika kwa riziki hiyo hakutuambia.

Kwa mabinti wetu rushwa hii ina sura nyingine, na naisema waziwazi kwa kuwa wazazi wanaona haya kuisema. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira. Binti akiambiwa usaili wake utakamilishiwa hotelini jioni, huo si usaili. Amwambie mzazi wake siku hiyo hiyo na aende TAKUKURU. Na mzazi akiambiwa, asianze kwa kumuuliza binti alikuwa amevaa nini.

Nirudi kwenye uaminifu, maana unaanzia kwenye makaratasi. Msailiwa ni shahidi, na anayeshuhudiwa ni yeye mwenyewe. Anayeandika kuwa amefanya kazi mahali ambapo hajawahi kufika ametoa shahada ya uongo, nanyi mnajua uzito wake. Aprili 2017 serikali ilipohakiki vyeti, watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Wamo waliokuwa wametumikia miaka mingi, wana familia, wana mikopo ya nyumba. Uongo wa siku moja uliwasubiri miaka yote hiyo.

Na hapa nawageukia wazee wenzangu na maimamu. Tunaletewa barua tuzitie saini kuwa tunamfahamu kijana fulani, ana tabia njema na ni mchapakazi. Imepokewa kuwa mtu mmoja alimsifia mwenzake mbele ya Umar bin Khattab (r.a.). Umar akamuuliza kama ni jirani yake, kama amewahi kuamiliana naye kwa fedha, na kama amewahi kusafiri naye. Alipokana yote, Umar akamwambia kuwa hamjui mtu huyo. Kumuona kijana anasujudu msikitini si kumjua kwenye fedha za watu. Mimi nikiletewa barua ya nisiyemjua naandika kile ninachokijua, kwamba anahudhuria darsa tangu mwaka fulani, basi. Wengine hukasirika.

Lipo jambo dogo linalowaangusha sana vijana wa Kiislamu, nalo si la dini. Ni majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Athumani, cha kidato cha nne Othman, kitambulisho cha taifa Athuman. Dada yake ni Mwanaidi huku na Mwanahidi kule. Sisi tunajua ni mtu mmoja, lakini mkaguzi wa vyeti mlangoni hajui na halazimiki kujua. Kuna hati ya kisheria ya kuweka sawa majina, vijana wanaiita dipoli, na inachukua muda. Anayesubiri aitwe kwenye usaili ndipo akumbuke kutofautiana kwa majina yake amechelewa. Wazazi wanaoandikisha watoto shule mwakani nao wasikie: chagueni namna moja ya kuandika, mbaki nayo.

Naulizwa pia kuhusu hijabu. Binti avae hijabu yake, iwe safi, imepigwa pasi, na aingie bila kujikunyata kama aliyekuja kuomba radhi. Akitakiwa kuthibitisha sura yake ilingane na kitambulisho, kuna namna ya kufanya hivyo mbele ya mwanamke mwenzake, naye aombe hilo kwa upole. Kuhusu kupeana mikono, kuweka mkono kifuani na kutabasamu kunatosha, na watu wa Moshi wengi wanakuelewa. Na ukiitwa Ijumaa saa saba mchana, usingoje siku yenyewe ndipo uanze kulalamika mlangoni. Piga simu mapema, jitambulishe, uulize kwa adabu kama unaweza kuwa wa asubuhi au wa baada ya saa nane. Wengi hukubali. Nimewaona waliokubaliwa, na nimemuona mmoja aliyekataliwa baada ya kufika amechelewa na kuanza kuwahutubia wasaili kuhusu haki za Waislamu.

Hofu nayo ni ya kibinadamu. Musa alipotumwa kwa Firauni aliomba akunjuliwe kifua na afunguliwe fundo la ulimi (20:25-28), na akaeleza kuwa ndugu yake Harun ni fasaha zaidi yake (28:34). Mtume wa Allah anaukubali udhaifu wake kabla ya kikao na anautafutia msaada. Vijana wanaoogopa Kiingereza, na ni wengi kutoka shule zetu za kata, wasome dua hiyo ya Musa, kisha wafanye na ile ya pili: watafute Harun wao, mtu wa kukaa naye jioni baada ya jioni mpaka ulimi ufunguke. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipomtuma Muadh (r.a.) Yemen alimuuliza atahukumu vipi, naye akajibu hatua kwa hatua: kwa Kitabu, asipopata kwa Sunna, asipopata atajitahidi kwa rai yake. Wanachuoni wa Hadithi wana maneno katika isnadi ya riwaya hii, lakini mafakihi wengi wameitumia. Nami naipenda kwa sababu Muadh hakusitasita. Alikuwa amekwisha kuifikiria kazi yake.

Ama kwenda kwa mganga "kuwafunga midomo" wasaili, kunywa kombe la usaili, kushona hirizi kwenye suti, sina muda nako. Swala ya Istikhara ipo, rakaa mbili na dua yake aliyoifundisha Mtume (s.a.w.) kama alivyopokea Jabir (r.a.) katika Bukhari. Ni bure, na haihitaji kuku mweusi.

Kwa upande wetu, msikitini kwetu tumeanza jambo dogo. Kila Alhamisi baada ya Isha wanakaa wazee watatu nyuma ya meza: mstaafu wa benki, muuguzi, na mwalimu mkuu mstaafu. Kijana anagonga, anaingia, anasailiwa, na wengine wanatazama. Siku ya kwanza waliuliza swali moja tu kwa kila aliyeingia, kwa nini tukuchukue wewe. Wa kwanza akajibu, "Kwa sababu nina shida, wazee wangu." Mzee wa benki akavua miwani akamwambia, "Mwanangu, wenye shida wako kumi na wawili kwenye benchi hapo nje. Toka, ugonge tena." Akatoka, akagonga tena. Mara ya tatu ndipo alipotaja kitu anachokiweza, kufunga hesabu za mwezi za duka la mjomba wake huko Njoro, ambazo kumbe amezifunga peke yake miaka miwili bila kukosea na hakuwahi kuona kuwa hiyo ni kazi ya kutajwa.

Tunapungukiwa akina mama wa kuwasaili mabinti upande wao, na mtu wa TEHAMA wa kuwaonyesha namna ya kutuma maombi kwa kompyuta. Mwenye uwezo huo aje. Tunaanza saa mbili na nusu usiku. Vijana waje na vyeti vyao halisi, na tangazo la kazi wawe wamelisoma hadi mstari wa mwisho.